Marehemu Hajapatikana

Kaeni vizuri, na mkicheka chekeni kwa ndani, maana huku kwetu tuko msibani. Tuko msibani tangu siku tuliyopata uhuru, ukiondoa dakika kumi na moja ambazo nitazifikia, na sheria ya msiba inakataza kicheko kinachoonyesha zaidi ya meno manne. Silalamiki. Mimi si mtu wa siasa. Nahadithia tu kama nilivyohadithiwa, na aliyenihadithia alikuwa na kibali.

Nchi yenyewe haina jina, wala msidhani nawaficha. Wakoloni walipoondoka waliondoka na jina lao, na Kamati ya Kutafuta Jina Jipya imekutana kila Alhamisi tangu wakati huo. Imeshapitisha herufi ya kwanza. Kwa sasa barua zetu tunaziandika "Nchi Yetu," na baadhi zinafika.

Basi katika Nchi Yetu alikuwepo mtu akiitwa Kibwana Mshangama, mpandisha bendera. Miaka kumi na tisa aliipandisha bendera ya wakoloni pale bomani kila alfajiri na kuishusha kila magharibi, na haikutokea hata siku moja kamba ikamshinda. Siri yake ilikuwa ndogo. Kila Ijumaa alipanda mlingoti kwa mikono na miguu yake mpaka kileleni, akaipaka mafuta ya nazi roda, yaani kile kigurudumu cha kupitishia kamba, akashuka, akaoga, akaenda msikitini. Bendera yenyewe hakuipenda wala hakuichukia. Alichokipenda ni kamba.

Nchi nyingine zilipata uhuru saa sita usiku. Sisi tuliupata saa nne asubuhi, baada ya chai, kwa sababu Mheshimiwa Rais mtarajiwa hakupatana na umande. Bendera mpya ilikuwa na rangi kumi na mbili, kwa kuwa kamati ilikuwa na wajumbe kumi na wawili na kila mjumbe alikuwa na rangi yake. Ukubwa wake ulikuwa mara tatu ya ile ya zamani, ili wakoloni waione wakiwa kwao. Kibwana aliibeba mikononi, akaipima uzito, akasema kwa adabu, "Waheshimiwa, hii ni nzito. Na roda ina wiki sita haijaonja mafuta, tangu mlipokataza watu kuupanda mlingoti."

"Nani huyu?" akauliza Mheshimiwa Nguzonene, aliyekuwa ameteuliwa asubuhi ileile kuwa Waziri wa Bendera, Mlingoti na Kamba.

Akaambiwa ni mpandisha bendera.

"Mkono uliopandisha bendera ya mkoloni utaishikaje bendera ya uhuru? Astaghfirullah! Nitavuta mwenyewe."

Mheshimiwa Nguzonene hakuwahi kuvuta hata ndoo kisimani. Alivaa glavu nyeupe. Wimbo wa taifa ulipoanza akavuta, bendera ikapanda vizuri hadi katikati ya mlingoti, kisha kule juu kamba ikaruka nje ya roda, ikabanwa pembeni, ikagoma. Akavuta kwa nguvu, na kwa kuvuta vile akaikaza zaidi. Wimbo ukaisha ukaanza upya. Ulirudiwa mara tisa, mpiga tarumbeta akazimia, na bendera ikabaki palepale katikati.

Kibwana akanyoosha mkono. "Nipeni dakika chache nipande juu niirudishe."

Hapo Mwanasheria Mkuu akakohoa. Sheria ya kwanza ya taifa huru ilikuwa imepitishwa saa tatu asubuhi hiyohiyo, nayo ilikuwa Sheria ya Heshima ya Bendera. Kifungu cha nne kilisema: Ni marufuku makalio ya raia yeyote kuwa juu kuliko bendera ya taifa. Roda ilikuwa juu ya bendera. Wa kuifikia roda lazima aipite bendera, na hakuna apandaye mlingoti akayaacha makalio chini. Umati mzima ukayatazama makalio ya Kibwana, naye akashusha mkono.

Sasa, mstari wa mbele alikuwa amekaa balozi wa watawala wa zamani, mtu wa heshima zake, anayejua itifaki. Alipoona bendera iko nusu mlingoti alivua kofia, akasimama, akamwendea Rais na kumpa mkono kwa uso wa majonzi. "Poleni sana," akasema.

Rais angeweza kusema kamba imekwama. Lakini lile lingekuwa ndilo neno la kwanza la uhuru wetu, tena mbele ya wageni. Akafikiri kidogo. Akainamisha kichwa, akajibu, "Tumeshapoa. Kwa kweli tumempoteza mtu mkubwa."

*

Ndivyo msiba ulivyoanza. Kwenye droo za boma wakoloni walikuwa wameacha kitabu cha taratibu, na tukakifuata neno kwa neno, maana hatukuwa na kingine. Bendera ikiwa nusu mlingoti ofisi hufungwa saa sita mchana. Ngoma ni marufuku. Harusi ni marufuku. Vigelegele ni marufuku. Redio hupiga nyimbo za maombolezo na, kati ya wimbo na wimbo, bei za mahindi.

Na kila siku saa sita kamili king'ora kinalia, na king'ora kikishamaliza tunalia sisi, robo saa, mtaa kwa mtaa. Mwanzoni tulilia kwa bidii, watu tulikuwa na uhuru mpya na nguvu zetu. Mwaka wa pili machozi yakaadimika. Wizara ikagawa vitunguu, nusu kitunguu kwa kila kichwa, lakini wananchi wakavitia kwenye mboga. Wakubwa wa zamani wakatuonea huruma, wakatuletea leso elfu sitini na Mtaalamu wa Huzuni, ambaye alikaa hotelini miezi mitatu, akaandika kwamba huzuni yetu iko chini ya kiwango ila inaonyesha matumaini. Mwaka wa tatu tulikuwa tunalia kama mtu anavyopiga mswaki. Watoto waliozaliwa baada ya uhuru hawajui mchezo wa kibaba na kimama. Wanacheza maziko: mmoja anakufa, wengine wanapanga foleni ya kujaza fomu.

Mtauliza, si mngeanua matanga tu yakaisha? Nasi tulijua hilo, hatukuwa wajinga kiasi hicho. Lakini matanga huanuliwa na wafiwa, na wafiwa hutokana na maiti. Ikaundwa Tume ya Kumtafuta Marehemu. Tume ilizunguka nchi nzima kwa magari manne, ikila pilau kila ilipofika, ikiuliza kama kuna mtu mkubwa aliyekufa siku ya uhuru. Ajabu ya Mungu, siku ile hakufa hata mtu mmoja, watu wote walikuwa uwanjani wakiangalia. Mwalimu mmoja wa shule ya kati alipendekeza kwamba marehemu ni Ukoloni. Tume ilifurahi sana, ikaenda kwa balozi kuthibitisha. Balozi akajibu kwamba anashukuru kwa kukumbukwa, lakini yeye hajambo kabisa.

Kibwana yeye alipewa cheo kipya, Mlinzi wa Kamba. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya mlingoti asubuhi mpaka mchana na kuhakikisha hakuna anayefanya lolote. Saa sita alilia na wenzake, na alilia vizuri: mwaka wa pili alipata Cheti cha Mliaji Bora, daraja la kwanza. Akishamaliza alikunja leso, akarudi nyumbani. Njiani hakuwa akiwaza kitu. Zamani aliwahi kuwaza juu ya ile kamba, ilivyobanwa, na kidole kipi kingeitoa. Mwaka wa nne hata hilo liliacha kumjia.

*

Kibwana alikuwa na mke, Bi Mwanakheri, na binti mmoja, Siwema. Siwema alichumbiwa mwezi mmoja kabla ya uhuru na Farjala, fundi baiskeli, kijana mpole mwenye mikono ya grisi. Posa ililetwa, mahari yakatolewa, ikapangwa kwamba harusi iwe wiki ya pili ya uhuru ili furaha ziungane. Miaka minne Farjala alikuwa akija kila Jumapili, anakaa mkekani na mkwewe, wanaangalia ukuta, anaaga.

Na Bi Mwanakheri, jamani, huyo alikuwa na kigelegele. Akikitoa uani watu wa sokoni walijua kuna harusi, na wenye harusi walijua sasa imekuwa harusi kweli. Mtaa mzima hakuna mtoto aliyeolewa bila yeye. Tangu uhuru hakukitoa hata kimoja. Akabaki amefunga mdomo, na mwaka wa nne miguu ikaanza kumvimba, pumzi ikawa fupi. Daktari wa hospitali kuu alimsikiliza kifua, akamwita Kibwana barazani.

"Moyo umechoka, mzee wangu. Kama kuna jambo mnataka kulifanya, msingoje mvua za vuli."

Kibwana alijua kwamba hapo alipaswa kuhuzunika. Akajitafuta pale mahali ambapo huzuni hukaa, akapakuta pamekufa ganzi kama mguu uliolaliwa. Akamshukuru daktari, akanunua ndizi, akarudi nyumbani.

Jioni ile mkewe alimwita. Alikuwa ameegemea mito miwili.

"Baba Siwema."

"Labeka."

"Mlingoti wenu una urefu gani?"

"Futi sitini."

"Na mnazi wa marehemu baba?"

Kibwana alijua anapelekwa wapi.

"Ulikuwa ukiupanda kila siku ya Mungu," akasema Bi Mwanakheri, "unasingizia madafu, kumbe wanichungulia uani. Ruhusa alikupa nani?"

"Mnazi haukuwa na sheria, Mama Siwema."

"Baba alikuwa na panga. Na ukapanda."

Siwema, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akasema, "Mama, tunaweza kufunga ndoa humu ndani kimyakimya. Sheikh atasoma polepole, majirani wasisikie. Farjala ameshakubali."

"Ndoa ya kunong'ona?" Bi Mwanakheri akajaribu kukaa wima, akashindwa. "Nimewapigia vigelegele watoto wa watu mpaka wengine nimewasahau majina. Wangu nimpigie kwa kikohozi? Sitaki! Nataka kimoja tu, cha sauti, kisha Mungu anichukue akitaka." Akamgeukia mumewe. "Panda, Baba Siwema. Utoe hiyo kamba. Kwani kazi ya muda gani?"

"Dakika chache."

"Basi?"

"Kifungu cha nne," akasema Kibwana. "Nitaandika barua."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamwomba maji.

*

Barua ya kwanza iliomba ruhusa ya kupanda mlingoti. Ilijibiwa baada ya wiki tatu kwamba suala la makalio liko kwenye kamati. Hapo nieleze kwamba kifungu cha nne hakikumbagua mtu. Wizara ya Bendera ina ghorofa tatu, na bendera iko usawa wa ghorofa ya kwanza, kwa hiyo watumishi wote walihamia chini, wanaandikia mapajani. Mheshimiwa Nguzonene peke yake ndiye alibaki juu kabisa, kwa sababu ilifafanuliwa kwamba kiongozi hakai, anaongoza.

Barua ya pili iliomba harusi moja tu, ya Siwema. Kibwana aliipeleka kwa mkono. Alimkuta karani mmoja, Zakayo, kijana wa watu, amebanwa kati ya makabati mawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta ombi la harusi."

Zakayo akalisoma, akajikuna kichwa. "Mzee wangu, harusi ndani ya matanga inaruhusiwa. Kuna fomu."

"Alhamdulillahi."

"Isipokuwa fomu lazima isainiwe na familia ya marehemu."

"Marehemu yupi?"

Zakayo akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akashusha sauti. "Hajapatikana."

Saa sita ilipiga, king'ora kikalia, wote wawili wakatoa leso wakalia robo saa bila kuondoa macho kwenye ile fomu. Walipomaliza Zakayo akasema, "Mama anaendeleaje?"

"Anakunywa uji tu sasa."

"Mzee, mimi ningekuwa wewe..." akaanza Zakayo, halafu mkubwa wake akapita, naye akaigonga barua muhuri wa IMEPOKELEWA.

Kibwana aliandika barua ya tatu, na ya nne. Kila asubuhi alisimama chini ya mlingoti, kamba iko mbele ya pua yake, na kila asubuhi aliwaza kifungu cha nne. Askari wa zamu alikuwa mmoja, naye alikuwa analala. Nasema tu kama ilivyokuwa.

Bi Mwanakheri hakumwambia tena apande. Jumapili moja alimwita Farjala, akamshika mkono wa grisi, akamwambia amtunze mwanawe na apunguze kimya. Usiku ule alikunywa uji nusu bakuli. Jumatatu asubuhi, wakati Kibwana anavaa sare yake, Siwema alitoka chumbani akasema, "Baba, mama amekata kauli." Kabla ya saa tatu alikuwa amefariki.

Kibwana akakaa kitandani, kiatu kimoja mguuni. Hakulia. Alingoja machozi, na mwili wake ukangoja king'ora.

*

Sasa ilisadifu kwamba mwezi ule Mheshimiwa Rais alitaka kuoa. Alikuwa na wake wawili wa kabla ya uhuru, akaona ni vyema awe na mmoja wa baada ya uhuru. Akaambiwa haiwezekani, kuna msiba. Alikasirika sana. "Msiba wa nani?" akauliza, na mawaziri wote wakatazama mazulia. Wizara ikapewa siku saba imtafute marehemu la sivyo watatafutwa wao.

Ndiyo maana Jumatatu ile mchana, maiti hajaoshwa, gari jeusi lilisimama mlangoni kwa Kibwana. Akashuka Mheshimiwa Nguzonene na glavu zake, nyuma yake Zakayo na mkoba.

"Hongera," akasema Mheshimiwa. "Samahani, pole. Nimesikia habari njema. Yaani habari."

Akaketi mkekani. Akaeleza kwa ufasaha, kama anahutubia uwanja. Kwamba katika nchi nzima hakuna familia iliyo karibu na bendera kama hii. Kwamba miaka minne taifa limelia bila kujua linamlilia nani, na sasa Mwenyezi Mungu ametoa jibu. Kwamba Bi Mwanakheri atakuwa Marehemu wa Taifa, na barabara itapewa jina lake mara tu barabara itakapopatikana.

Zakayo akatoa cheti cha kifo. Kilikuwa kimeshajazwa. Kibwana akakisoma taratibu, akaweka kidole kwenye tarehe.

"Hii ni siku ya uhuru."

"Ndiyo," akasema Mheshimiwa. "Ndipo msiba ulipoanza. Msiba hauwezi kumtangulia marehemu, mzee, hata wewe unaona."

Siwema alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Jana mama alikunywa uji," akasema. "Kama alikufa miaka minne iliyopita, ule uji nani aliunywa?"

"Hilo litashughulikiwa, binti yangu."

Kibwana akasema, sauti yake haina kitu ndani, "Tutamzika leo alasiri. Halafu nataka siku tatu za matanga. Siku tatu tu, watu waje wakae."

Mheshimiwa Nguzonene akamwekea mkono begani. "Mzee Kibwana! Taifa zima limekulilia miaka minne. Watu milioni sita, kila siku, robo saa. Kuna mwanamke gani duniani aliyeliliwa vile? Ameshaliliwa. Matanga yake yamekwisha leo. Ukianza kulia upya utakuwa unalia mara mbili, na hilo ni kosa, machozi ya ziada ni mali ya umma." Kisha akalegeza uso. "Na binti yako ataolewa. Jumamosi hii, baada ya ndoa ya Mheshimiwa Rais, ya pili itakuwa ya kwake. Si ndicho ulichokuwa unaomba? Barua zako zote nne nimezisoma. Nzuri sana."

Zakayo akamsogezea kidau cha wino. Kibwana akachovya dole gumba, akagonga.

"Na bendera?" akauliza.

"Wewe ndiye mfiwa mkuu, wewe ndiye utakayeanua matanga. Utapanda. Makalio ya mfiwa mkuu yamesamehewa kwa siku moja, Jumamosi, kuanzia saa nne hadi saa tano. Kibali hiki hapa."

*

Jumamosi saa nne uwanja ulijaa. Waliletwa wanawake arobaini wa Wizara kupiga vigelegele, na kwa kuwa miaka minne hakuna aliyepiga walifanya mazoezi Ijumaa kutwa nzima. Ngoma zilitolewa stoo, nyingine zimeliwa na panya. Rais alikaa na mchumba wake chini ya turubai. Balozi alikuwa mstari wa mbele, kofia kichwani. Siwema alisimama pembeni na Farjala. Alikataa hina, alikataa gauni la Wizara, alijifunga kanga ya mama yake na hakutazama mtu.

Kibwana akavua viatu, akatia kichupa cha mafuta ya nazi mfukoni, akaushika mlingoti. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alidhani miguu imesahau. Miguu haikuwa imesahau. Akapanda, akaipita bendera, rangi zake kumi na mbili zimepauka zote zimekuwa rangi moja, akafika kileleni, akakaa.

Akaitazama kamba. Ilikuwa imetoka nje ya roda upana wa kidole, basi. Akaisukuma kwa dole gumba lililokuwa bado lina wino. Ikatoka. Ikaingia mahali pake. Akatia mafuta matone matatu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Haikufika hata dakika tatu.

Kutoka pale aliona mji wote. Aliona paa la nyumba yake, na uani, na kamba ya nguo ambako kanga ya pili ya Bi Mwanakheri ilikuwa bado imeanikwa. Akaona makaburini, na kaburi moja lenye udongo mwekundu, haujakauka, lenye umri wa miaka minne kwa mujibu wa cheti. Akakumbuka mnazi. Akakumbuka alivyotazamwa siku ile alipoitaja barua, na jinsi alivyoombwa maji. Hapo ganzi ikamtoka. Ilimtoka ghafla, yote kwa mara moja, na ikamuuma kila mahali, akaukumbatia mlingoti asianguke.

Kule chini walidhani ameishiwa pumzi. "Shuka, mzee!" wakaita.

Akashuka. Mheshimiwa Nguzonene alinyoosha mikono yenye glavu apokee kamba, Kibwana akampita kama hakumwona. Akavuta mwenyewe. Roda ikazunguka bila hata mlio, bendera ikapanda, ikafika juu kabisa, upepo ukaifungua. Mara ya kwanza tangu uhuru tukaiona nzima.

Weee! Watu walishangilia, na meno yao yote yalionekana. Ngoma zikalia, zile zilizopona. Vigelegele arobaini vikatoka, vyembamba, havikulingana. Kadhi akafungua kitabu, Rais akaozwa, waziri wa redio akatangaza kwamba huzuni imekwisha rasmi na wananchi waendelee na furaha mpaka watakapoambiwa vinginevyo. Nilihadithiwa kwamba zilikuwa dakika kumi na moja.

Kisha kadhi akaita, "Siwema binti Kibwana." Siwema akapiga hatua moja, akasimama. Akageuza uso upande wa wale wanawake arobaini waliokuwa wanavuta pumzi wajiandae, akamtafuta mmoja ambaye hayumo. Akajiziba mdomo kwa kanga.

Kibwana aliona. Kamba ilikuwa bado mikononi mwake. Akaanza kuiachia, taratibu, mkono baada ya mkono kama alivyofanya miaka kumi na tisa, na bendera ikashuka. Ilipofika katikati akaisimamisha. Akaifunga kwa fundo lake la zamani, lile ambalo wakoloni walishindwa kulifungua wakawa wanamwita yeye, na nasikia mpaka leo hakuna anayeliweza. Ngoma zikanyamaza moja moja. Balozi akavua kofia akasimama.

Mheshimiwa Nguzonene akaja mbio, jasho linamtiririka, akanong'ona, "Mzee, imekwama tena?"

Kibwana alikuwa analia, na saa sita ilikuwa bado.

"Haikukwama, Mheshimiwa," akasema. "Nimefiwa."